Mlolongo wa Wakwe

Hakuna soda baridi inayonywewa Voi ambayo haijapitia mikononi mwangu. Nasema hivyo bila aibu. Friji ya bucha iliyo karibu na stendi ni kazi yangu, friza ya maziwa ya sokoni ni kazi yangu, na kile kiyoyozi cha hoteli kinachowafanya wageni wa mbuga waombe blanketi nilikifunga mimi. Nilishuka kutoka milimani na begi moja, nikasoma diploma ya ufundi wa friji huku jioni nikiuza mitumba, nikaenda Doha nikapoza majumba ya watu wasiojua jua linavyouma, kisha nikarudi nyumbani na vifaa vyangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma yenyewe inaning'inia ukutani mwa karakana, ndani ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kukwepa kuiona.

Nje ya karakana kuna friza kuukuu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Nimeilaza kifudifudi, na juu yake huketi bunge letu. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, wanaume huja kuketi hapo waambiwe ukweli wa siasa, na anayewaambia ni mimi. Mimi ni mtu wa chama na sijawahi kujificha. Wako wanaosema wao wako katikati. Mtu wa katikati ni yule ambaye bado hajaahidiwa kitu.

Nikianza, naanza na bomba. Maji yanapita chini ya miguu yetu kwenda kuwaogesha watu wa Mombasa, na sisi hapa tunamngoja kijana wa mkokoteni na mitungi yake. Halafu naingia mbugani. Ardhi yetu kubwa amepewa ndovu, pesa za watalii zinapanda treni kwenda Nairobi, na ndovu akivuka akamaliza mahindi ya mtu, anayeulizwa kitambulisho ni mwenye shamba. Wale wa chama kile kingine wameyaona haya yote na wamekaa kimya kama friji isiyo na gesi. Nikifika hapo, hata waliokuwa wakisinzia huinuka.

Mpinzani wangu mkubwa kwenye ile friza ni mzee mmoja aliyetoka bara, mfanyabiashara wa maharagwe. Huyanunua Njukini, huyauza hapa Voi, na mengine huwapelekea akina mama wa kando ya barabara kuu kule Miasenyi. Ni wa chama kile kingine hadi kwenye mifupa. Kila nikinyamaza ili nipumue, yeye huingia.

"Diploma," huniita hivyo, "umefunga swichi Voi nzima, ukasahau kufunga moja mdomoni mwako."

Siku moja aliniletea changamoto. Chama chetu kilikuwa kikijiandaa kwa mchujo wa kumchagua atakayewania kiti cha wadi yetu ya milimani. Waniaji walikuwa wawili: mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la sita, na tajiri mmoja mwenye malori ya kokoto. Mimi nilikuwa kwa mwalimu. Si kuwa kwake tu, nilikuwa mkuu wa mikakati.

"Mwalimu wako atashindwa na kokoto," mzee akasema.

"Hawezi. Mipango yote iko kichwani mwangu."

"Sawa. Akishindwa, wewe husemi neno la siasa hapa mpaka uchaguzi mkuu upite. Utaketi kwenye friza kama sisi wengine, usikilize."

Bunge zima likapiga makofi. Walifurahi kupita kiasi, jambo lililonishangaza.

"Na akishinda?"

"Akishinda, kila asubuhi nikifika nitatangaza kwa sauti: Diploma alisema."

Tukashikana mikono. Nilikwenda ndani kuchukua bisibisi, nikarudi na nyundo. Kunyamaza mpaka uchaguzi mkuu! Afadhali mtu aniondolee ile diploma ukutani.

Chama kiliamua mchujo uwe wa mlolongo. Mwaniaji anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake, na wanahesabiwa hadharani mbele ya macho ya wote. Mahali palikuwa uwanja wa shule ya msingi kule juu, na msimamizi alitangaza kwamba saa sita lango litafungwa, atakayekuwa nje atabaki nje.

Mkakati wangu ulikuwa huu: mbele ya mlolongo tuweke uzito. Niliwapigia simu wanaume wote wa kuheshimika, walimu, mafundi, wazee wa kanisa, waliooa wakatulia, nikawaambia waje alfajiri. Walikuja wote. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye miti ya migrevilea tulipojipanga nyuma ya mwalimu, mimi wa kwanza, na tai yangu ya Doha shingoni. Upande wa pili tajiri wa kokoto alikuwa ameleta vijana wa bodaboda, watoto watupu, hata mmoja hana mke. Nikacheka.

"Mwalimu," nikamwambia, "tazama nyuma yako. Hao ndio watu. Wale kule ni pikipiki."

"Usicheke kabla ya kuhesabu," akasema bila kugeuka. "Hata darasani ulikuwa hivyo."

Basi msimamizi akapuliza filimbi, akataka tubanane kifua kwa mgongo, asije mtu akajipenyeza na kuhesabiwa mara mbili. Na uwanja wetu ni kipande cha mlima kilichosawazishwa, hauna urefu. Mlolongo ukifika ukingoni unakunja, unarudi, unakunja tena, kama yale mabomba ya nyuma ya friji. Mtu wa mkunjo wa pili anatazamana uso kwa uso na mtu wa mkunjo wa kwanza.

Kisha wanawake wakaanza kufika. Walikuwa wamemaliza kukamua na kufungulia kuku, wakaja kwa vikundi wakiimba jina la mwalimu. Nilijaa raha. Wakafika kwenye ua wa michongoma unaozunguka uwanja. Wakatutazama. Wimbo ukafa.

Hawakuingia kwetu. Walisimama pale uani wakivuta leso vichwani. Katikati yao nikamwona mama mkwe wangu, mwenyekiti wa kikundi chao, amenipa mgongo kana kwamba anahesabu majani ya mti.

Kwetu milimani, mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Na mimi nilikuwa nimeujaza mlolongo, kutoka mbele hadi mkunjo wa kwanza, wakwe wa kijiji kizima! Hakukuwa na mama pale uani ambaye hakumwona aliyemwoa binti yake amebanwa kwenye foleni akimngoja aje asimame kifua kwa mgongo. Kule kwa tajiri hakukuwa na mkwe hata mmoja. Kulikuwa na wavulana tu, ambao mama yeyote anaweza kuwakanyaga vidole bila hatia. Tayari wawili watatu walikuwa wameanza kusogea upande ule, polepole, wakitazama chini.

Nikamkimbilia msimamizi. "Mheshimiwa, tupange milolongo miwili. Akina mama huku, sisi kule."

"Mwaniaji mmoja, mlolongo mmoja."

"Basi akina mama watangulie, sisi tukae nyuma yao."

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa nyuma yangu alishtuka. "Nyuma yao? Nimsukume mama mkwe wangu kwa kifua? Wewe Doha ilikufanya nini?"

Mlolongo mzima ukaangua kicheko, hata mwalimu mabega yakamtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona friza, na mzee wa maharagwe amesimama mahali pangu akihutubia bunge, na mimi nimeketi, nasikiliza.

Mke wangu akaja mbio kutoka uani. "Mama anasema amekuja kumchagua mwalimu, lakini umesimama mlangoni."

"Nikitoka ni kura moja imepotea."

"Na wewe ukikaa?"

Hapo hesabu za darasa la sita zikanirudia zote. Mke wangu ana dada, dada wana mawifi, mawifi wana majirani, na wote wanamtazama mama mmoja aliyegeukia mti. Nikaitoa tai, sijui kwa nini, nikageukia wenzangu.

"Waheshimiwa, kila ambaye mama mkwe wake yuko pale uani, anifuate."

"Tuache mlolongo?" mmoja akauliza. "Wewe ndiye ulituamsha alfajiri!"

"Na ndiye ninayewatoa. Twendeni!"

Nikatoka wa kwanza. Ninajua kuongoza watu, hilo silifichi. Walinifuata karibu wote, wengine wakiruka mkunjo, wengine wakinung'unika, na kwa kuwa akina mama walianza kuingia uwanjani, ilitubidi tukimbie. Hatukusimama mpaka nyuma ya jiko la shule. Hapo tukachuchumaa kati ya kuni na mapipa ya uji, walimu, mafundi na wazee wa kanisa, tukiwa na jambo zito la siasa na hatuoni kitu.

Lango likafungwa. Msimamizi akaanza kuhesabu, lakini upepo wa mlimani ulichukua namba zote ukazitupa bondeni. Tulibaki kutega masikio.

Ghafla vigelegele.

"Ni vya nani?" nikauliza.

"Nyamaza," fundi seremala mmoja akasema, ameshika sikio. "Kile kirefu... kile ni cha mama mkwe wangu. Sauti hiyo ndiyo iliyoikataa mahari yangu ya kwanza, siwezi kuisahau."

"Na hicho kinachofuata ni cha wangu!" mzee wa kanisa akasema. "Huwa kinakatika mwishoni."

Mimi nikangoja changu. Kikaja, kizito, kama mlango wa friza unaofungwa vizuri. Kisha jina la mwalimu likaimbwa na uwanja mzima, na hapo hatukuhitaji namba. Tulikumbatiana kwenye majivu. Na hatungeweza kutoka, maana mama wakwe walikuwa wanacheza uwanjani! Kwa hiyo tukachezea pale pale nyuma ya jiko, tukigonga mapipa ya uji, mzee wa kanisa akirusha miguu kama mwanambuzi, mpaka mpishi akaja kutufukuza na mwiko.

Asubuhi iliyofuata niliifungua karakana mapema kuliko siku zote. Nilipangusa friza. Bunge likajaa, mzee wa maharagwe akaja wa mwisho, taratibu, ameshika fimbo.

"Kwanza swali," akasema. "Wewe ulihesabiwa?"

"Sikuhesabiwa."

"Kwa hiyo mwalimu ameshinda bila kura yako."

"Ameshinda kwa sababu ya kura yangu. Nionyesheni mtu mwingine kaunti hii aliyeshinda uchaguzi kwa kutoka mbio!"

Walicheka mpaka friza ikalia chini yao. Mzee alijikuna kichwa, akatazama barabara kana kwamba basi lingemwokoa, kisha akatangaza kwa sauti ya kumwita mteja sokoni: "Diploma alisema!" Nikamwomba arudie, kwa kuwa kulikuwa na lori linapita.

Hotuba yangu ilikuwa imefika kwenye bomba la maji mke wangu alipopiga simu. Nikaweka spika, ili bunge lisikie pongezi.

"Mama anakusalimu," akasema. "Anasema uchaguzi mkuu pia una foleni. Yeye na kikundi chake watapiga kura asubuhi. Wewe na wenzako mje mchana."

"Mwambie nimekubali," nikajibu. "Mwambie hiyo ndiyo mikakati."

"Anasema pia uliangusha tai uwanjani. Ameiweka juu ya ua wa nyumbani kwake, ukaichukue akishaenda shambani."

Mzee wa maharagwe akaanguka kutoka kwenye friza kwa kicheko. Nikamngoja aketi tena, nikaendelea pale pale nilipokuwa nimeachia, kwenye bomba.