Merigo

Juzi nilikuwa nang'oa magugu kando ya zizi langu hapa Njoro, mkono ukashika lile refu linalonuka, lile linalovamia shamba ngano ikishavunwa. Harufu yake kali ikanipanda puani, na papo hapo nikawa mtoto wa miaka minane, nimesimama kando ya mama yangu nikijiona msomi. Nikacheka peke yangu mpaka ng'ombe akageuka kunitazama. Ngojeni niwaambie sababu.

Miaka ya hamsini wazazi wangu, waliotoka magharibi mwa nchi, waliishi kwenye shamba la mzungu, si mbali na hapa. Baba aliendesha trekta. Mama alitunza bustani ya memsabu, mke wa mzungu huyo, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Mama alibatizwa Maria, lakini memsabu alimwita Meri. Gugu lile kwetu halikuwa na jina la heshima. Tuliliita dawa ya viroboto, kwa sababu Mama alifunga fungu lake akafagilia nyumba, na mengine akayatandika mahali kuku walipotagia. Kwa memsabu lilikuwa adui, na kila wiki Mama alitumwa kuling'oa.

Mwaka huo nilikuwa nimeanza shule. Mwalimu alitusimamisha darasani, akisema "go" tunatembea hadi mlangoni, akisema "kam" tunarudi. Kiingereza changu kiliishia hapo, lakini hapo nilikuwa hodari.

Jumamosi moja nilimfuata Mama kazini. Memsabu akatoka na sinia la miche, akaliweka chini, akanyoosha kidole kuelekea getini. "Merigo," akasema. "Huko geti. Leo, yote." Kisha akaingia ndani kunywa chai.

Mama akanitazama. "Amesemaje huyu?"

"Amesema, Meri, nenda," nikajibu bila kusita. "Go ni nenda. Ati twende sisi wote, leo."

Hakuuliza amekosa nini. Alipangusa jembe kwa majani, akaliegemeza ukutani, akanishika mkono tukatoka kwa geti lile lile. Njiani furaha ya kutafsiri ikaniisha. Mama akifukuzwa tungeondoka sote shambani, Baba angeacha trekta, na mimi ningeacha shule. Nikaanza kulia, na nasema ukweli, nililia kwa ajili ya shule kuliko kitu kingine chochote.

Kabla chai ya memsabu haijapoa, Mama alikuwa amemaliza kufunga mizigo. Sufuria mbili ziliingia ndani ya karai, mablanketi yakaingia ndani ya shuka, kuku watatu wakafungwa miguu. Tukakaa juu ya sanduku kumngoja Baba. Mama Nafula, jirani yetu, alikuja kutuaga akilia kwa sauti, na katikati ya kilio akauliza kama tungemwachia kuku mmoja.

Ndipo tukaona kofia inakuja, na chini yake memsabu, amebeba sinia lake, uso umemwiva kwa jua.

"Meri, kwa nini wewe kimbia? Merigo yangu iko karibu kufa."

"Memsabu alisema Meri go," Mama akajibu kwa adabu. "Na mimi nimeenda."

Memsabu akatutazama, akatazama kuku, akatazama sinia. Akachagua mche uliokwisha kutoa ua la rangi ya chungwa, akauleta karibu na uso wa Mama. "Hii," akasema polepole. "Jina yake merigo. Maana yake dhahabu ya Maria. Maria mama ya Yesu."

Mama Nafula ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini. Memsabu, ambaye hatukuwa tumewahi kumsikia akicheka, naye akashindwa kujizuia, kofia ikamwanguka. Mama alikuwa bado hajacheka. Alichuma jani moja, akaliponda kwa vidole, akanusa, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni wewe, dawa ya viroboto. Umevaa tu nguo ya kanisa. Tena ni wajina wangu." Halafu akanigeukia. "Na wewe mwenye Kiingereza, fungua hao kuku."

Ndugu zangu waliniita Go mpaka nikaolewa, na hadi leo kisa hiki husimuliwa kwenye kila harusi ya ukoo. Nami hucheka pamoja nao. Lakini ilibidi niwe na nyumba yangu, nihame mara moja au mbili, ndipo nikaelewa jambo ambalo halisimuliwi. Hakuna anayefunga mizigo ya nyumba nzima kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, ila yule ambaye moyoni ameshaifunga siku nyingi. Miaka yote ile Mama alipanda mboga na maharagwe tu, vitu vya kuvunwa upesi. Jioni ya Jumamosi ile aliomba miche iliyobaki, akaipanda mbele ya nyumba yetu, naye alikuwa akiimba.

Tulipopata shamba letu wenyewe, hili hili ninamong'oa magugu, nyumba ilikuwa bado ni nguzo na matope. Mama aliuliza mlango utakuwa wapi. Baba akamwonyesha. Mama akapiga magoti, akafungua fundo la leso yake, akapanda mbegu za merigo pande zote mbili za mlango.

"Sasa," akasema, "anayetaka kusema go, na aseme."