Nilishonewa Ndani ya Gauni, Mwanangu Akalia Njaa

Msinipe pole. Mwenye pole yake aikunje aiweke. Nimekosa mimi, kwa akili zangu timamu, na mtu mwingine, mtu mzima wa kuheshimiwa, akabebeshwa kosa langu huku mimi nimekaa kimya ninamtazama. Nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni. Ptuu!

Nakaa Bombambili, hapa Songea. Nimesoma hadi kidato cha nne, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume ambaye wakati wa mambo haya alikuwa na miezi minne. Jina langu silitaji. Wanaonifahamu wakisoma watanijua, na wanijue tu!

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa anaolewa mwezi wa kumi. Mnaujua mwezi wa kumi wa kwetu: mahindi yameshauzwa, watu wana vijisenti, mvua bado, na jua linawaka mpaka bati za nyumba zinalia kwa! kwa! Ndiyo miezi yetu ya harusi. Mama mkwe wangu, anayekaa Msamala, alinunua kitenge akawashonesha sare wanawake wote wa ukoo. Gauni langu aliniletea mwenyewe, kwa miguu, kalifunga ndani ya kanga safi.

"Mwanangu, nimemwambia fundi akuwekee vifungo mbele," akasema. "Na kiunoni kaacha nafasi. Harusi ni kutwa nzima, mtoto atataka ziwa."

Nikasema ahsante mama. Alipoondoka nikalivaa, nikajitazama kwenye kioo. Jamani! Niliona bibi aliyetumwa mashine kusaga unga. Pana huku, pana kule. Nikalivua, nikalitupa kitandani kama nimelikuta na chawa.

Sababu nawaambia, ingawa si utetezi. Tangu nijifungue mwili wangu uliumuka. Mume wangu ni seremala, na siku moja nawapelekea chai yeye na wenzake karakana, akasema, "Mnamwona huyu? Nilioa fito, sasa nina gogo!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Na mimi nikacheka! Nilicheka nao, halafu nikaenda chooni kulia. Mwanamume anayechekesha wenzake kwa mwili wa mkewe, mwili uliomzalia mtoto, ni mchafu. Namwandika hapa, na asome.

Basi nikaapa kwamba kwenye harusi ile watu watauona mwili, si gogo.

Nikaenda sokoni kwenye mitumba na shoga yangu, mwanamke mmoja jirani. Nakumbuka nilipokuwa mdogo mama yangu alikuwa anapanga foleni duka la ushirika, kikija kitenge unachukua ulichopewa, rangi huchagui. Siku hizi robota zinafunguliwa chini pale, nguo za ulaya zinamwagwa, unachagua hadi kichwa kinauma. Tumeruhusiwa kuchagua, na mimi nikachagua ujinga.

Gauni lilikuwa la zambarau, kitambaa cha kung'aa kinachoteleza, ndani lina bitana ya nailoni, zipu mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Mbele halina hata kifungo kimoja. Nikalijaribu nyuma ya pazia la muuzaji.

"Shusha pumzi," shoga akaniambia, anavuta zipu.

"Nimeshusha."

"Shusha na nyingine!"

Zipu ikapanda. Akarudi nyuma akanitazama. "Weee! Shoga, siku hiyo bibi arusi ndiye atakayeulizwa ni mwalikwa wa nani!"

"Nitanyonyeshaje humu?"

"Kwani lazima anyonye kila saa? Mpikie uji mwepesi, tia kwenye chupa. Wazungu wote wanalea kwa chupa."

"Umewaona wapi wewe?"

"Si wale kwenye makopo ya maziwa! Watoto wao huwaoni walivyonona?"

Na mimi, mtu niliyesoma baiolojia, nikakubali maneno ya picha ya kopo.

Siku ya harusi asubuhi nilijifunga kanga tumboni na kifuani, nikaikaza, ili maziwa yasitoke na kiuno kionekane. Shoga akavuta zipu. Ikafika katikati, meno yakaachia yote, traa! Kanisani kengele ya kwanza imeshalia. Sare ya mama mkwe iko pale pale kitandani, inanitazama. Ningeivaa, mambo yangeishia hapo, na leo nisingekuwa naandika.

"Lete sindano," shoga akasema.

Akanishona. Ndiyo, msomaji, umesoma vizuri. Alinishona nimo ndani, uzi mweusi wa mara mbili, kutoka kiunoni hadi shingoni, kama anafunga gunia la kwenda mnadani. Tulicheka! Tulicheka mpaka akanichoma sindano.

Kanisani sikumsikia padri hata neno. Nailoni ilinishika mgongoni kama ngozi ya pili, jasho linatiririka hadi kwenye viatu. Kukaa siwezi, nakaa upande. Kuinua mkono siwezi. Na nilinuka, nasema kweli. Nililisikia jasho langu mwenyewe limechanganyika na harufu ile ya dawa ya mitumba.

Tulipotoka nje mama mkwe akanijia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, sare iko wapi?"

"Imeungua na pasi, mama."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Basi, pasi ni pasi. Na mtoto ananyonyea wapi hapo?"

"Nimembebea uji."

Wageni wake wakamwita, akaenda.

Tukaenda ukumbini. Saa za mchana zile, joto la watu na bati, mtoto akaanza kulia. Si kilio cha kudeka. Alisikia harufu ya maziwa. Alikuwa anasugua mdomo wake kwenye zambarau ile, huku na huku, anatafuta, anauma kitambaa kwa fizi. Alitafuta mpaka bitana ikalowa mate yake. Mimi namrusharusha tu, "Nyamaza baba, nyamaza," macho yangu yako kwa mpiga picha, maana walishatangaza kwamba picha za ukoo zinafuata.

Nikatoa chupa. Uji niliupika alfajiri, ukakaa kwenye mkoba na joto lile tangu asubuhi. Nikaufungua. Ukanuka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapojichukia. Niliuonja. Sikubahatisha. Niliuweka kwenye ulimi, nikausikia umeshachacha. Na nikampa! Nilimpa kwa sababu walikuwa wanaita, "Wakwe, wakwe, njooni tupige picha!" na nilitaka anyamaze nisimame katikati na kiuno changu.

Akanywa. Kwa njaa ile angekunywa hata maji ya mfereji.

Nikasimama pale mbele, natabasamu. Kumbe maziwa yalishaishinda ile kanga. Mabaka mawili meusi, kila moja ukubwa wa sahani, kwenye zambarau inayong'aa, mbele ya watu wote. Wifi yangu mkubwa, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema kwa sauti, "Wifi, umemwagikiwa soda, au ng'ombe wetu leo hajakamuliwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikajifunika kwa mkoba. Na hapo hapo mtoto akanitapikia begani, tapishi chungu, refu, likashuka mpaka mgongoni. Akatapika tena. Mara ya tatu kichwa kikamlegea.

Ni mama mkwe aliyeniona. Aliacha kiti chake cha mama wa bibi arusi, akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya ukumbi wanakopikia. Akajaribu kulifungua gauni, vidole vyake vikakutana na uzi.

"Nini hiki? Umeshonwa?"

Nikamgeuzia mgongo.

"Wembe!" akawaambia wapishi. "Nani ana wembe?"

Mpishi mmoja akatoa kisu cha kumenyea viazi. Mama mkwe akalichana gauni mgongo mzima mbele ya masufuria, wanawake wanatazama, mgongo wangu nje na alama za nailoni nyekundu kama nimechapwa. Akaifungua ile kanga, akamweka mtoto kifuani. Mtoto akanyonya mara mbili akaachia. Hana nguvu.

Ndani tukasikia kipaza sauti: "Mama wa bibi arusi tafadhali! Bibi arusi anataka kuaga!" Wakaita tena. Kwetu binti hupiga magoti mbele ya mama yake, akabarikiwa ndipo aondoke. Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye magogo ya kuni, mjukuu mapajani, anampepea kwa mfuniko wa sufuria. Hakuinuka. Binti yake wa mwisho akabarikiwa na shangazi.

Tulipelekwa hospitali na pikapu iliyoleta viti. Mimi nimejitanda kanga ya mpishi, yenye harufu ya vitunguu. Njiani mtoto akaanza kuharisha, maji matupu. Macho yalimwingia ndani.

Nesi akauliza, "Huyu amekula nini leo?"

Mume wangu, aliyetufuata kutoka ukumbini, amesimama pale. Mama mkwe yupo pale. Nami nikajibu, "Ziwa tu."

Ziwa tu! Mdomo wangu huu!

Nesi akamgeukia mama mkwe. "Nyie bibi ndio mnaotuulia watoto! Mmempa mizizi gani? Sema! Umemnywesha nini?"

Mama mkwe akanitazama. Aliujua ule uji, nilimwambia mwenyewe kanisani. Nikatazama sakafu. Nesi akamsema vile unavyomsema mtoto mdogo, mwanamke mwenye mvi, ndani ya sare ya harusi ya binti yake, na yeye akasema tu, "Mwangalieni mtoto, mwanangu."

Mtoto alitundikiwa maji, akakaa wodini, akapona. Mungu anisamehe, sikustahili. Titi langu la kushoto, kwa ile kanga, lilivimba likafanya jipu likapasuliwa, na mpaka leo halitoi maziwa. Hilo ni haki yangu.

Lakini mume wangu aliyabeba maneno ya nesi. Tuliporudi nyumbani akamwambia mama yake mlangoni, "Mama, huyu mtoto usimshike tena. Hata kumbeba. Mizizi yako kaipe mbuzi."

Na mimi nilikuwa ndani. Nilisikia. Nikakunja nepi.

Hata hivyo mama mkwe akawa anakuja. Anatoka Msamala kwa miguu na papai, na kisamvu alichotwanga, anakaa nje barazani, anampigia mjukuu wake makofi kwa mbali. Mtoto anacheka, ananyoosha mikono. Bibi anarudisha yake nyuma, anaiweka chini ya mapaja. Kila mara namwambia "Karibu chai mama," kwa sauti tamu. Sauti ile! Natamani niitapike.

Juzi Jumapili alikuja mume wangu akiwepo. Mtoto akajivuta kwa tumbo kwenye mkeka mpaka akaushika upindo wa kanga yake. Bibi hakumgusa. Alimwangalia tu mwanawe, anangoja ruhusa, kama mgeni aliyekuta mbwa getini.

Mume akasema, "Mama, nilishakwambia."

Nikapiga magoti pale pale, mikono ina unga. Nikasema yote. Pasi, uzi, chupa, kuonja. Nikasema niliuonja na nikampa. Nikasema na lile jibu langu kwa nesi, ziwa tu.

Mume wangu hakunipiga, kama mlivyotegemea. Alikaa chini, akasema, "Mama..." neno lisiendelee. Nikamwambia na lake pia, la gogo, maana nilikuwa sina tena cha kuogopa.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Niliinusa ile chupa siku ile kule kwa wapishi," akajibu. "Nilitaka nione utafika wapi."

Akamwinua mjukuu wake, akamnusa shingoni muda mrefu, akamfunga mgongoni kwa kanga yake. "Akitaka ziwa nitamrudisha," akamwambia mwanawe. Akaondoka naye. Mtoto amepokelewa. Mimi bado. Namwamkia, anaitika marahaba, basi. Wifi yangu aliyeolewa hata hiyo marahaba hana, na sitamlaumu.

Shoga yangu anasema namwonea kwa kumweka gazetini. Hapana, dada, hujatajwa. Na sindano ulishika wewe, lakini mgongo nilikupa mimi.

Wanawake wenzangu mnaonyonyesha, mnaalikwa harusi za jua kali hili: vaa pamba. Vaa kinachofunguka mbele. Kabla ya siku yenyewe kivae nyumbani, kaa nacho, inama nacho, inua mikono, nyonyesha nacho. Kama mtoto halifikii ziwa, hilo si gauni lako, hata kama linakufanya mwembamba kama mshale. Anayekucheka mwili mwache acheke, mtoto hanyonyi kiuno.

Na ukishakosea, nesi akikuuliza mtoto amekula nini, jibu. Jibu pale pale, ungali na mtu mmoja tu wa kumwomba radhi, huyo mtoto.