Kiti cha Kuchambulia Chai

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usiongeze machozi ambayo mimi sikuyatoa.

Viwanda vilipokwisha kuwa mali ya umma, nilikuwa nikichambua chai katika kiwanda kimoja cha huku milimani. Tulisimama mezani tangu asubuhi, tukitoa vijiti katika majani makavu. Baba yako alichochea tanuri upande wa pili. Alikuwa amemwoa binti yangu, na kwetu mtu hamtazami mkwewe usoni. Kwa hiyo yeye alipita mlango wa nyuma, nami wa mbele.

Siku moja gogo la kuni liliniangukia, likanivunja goti. Baadaye zahanati wakaandika kwamba kidonda kimepona. Kidonda kilipona, mfupa haukupona. Nikaomba kiti kirefu, nichambue nimeketi.

Msimamizi alicheka. "Mama, siku hizi sote ni sawa. Wewe nikikupa kiti, kesho wenzako watadai vitanda."

"Na mito tutadai," akajibu jirani yangu wa mezani.

Kiti hakikuletwa. Shauri likapelekwa kwenye kamati ya wafanyakazi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa baba yako. Aliketi ameelekea ukutani, kama ipasavyo, nami nikasimama nyuma ya wanawake wawili.

"Cheti kinasema amepona," alisema meneja, ambaye hakuwa mtu wa huku. "Basi atuonyeshe hilo goti."

"Tutalitazama sisi wanawake," alisema jirani yangu.

"Anayetia sahihi ni mwenyekiti. Atazame mwenyewe."

Baba yako akainuka atoke. Angetoka, wangesema ameukimbia uenyekiti. Angebaki, ningepandisha kanga mbele ya mkwe wangu. Sikusema naye. Niliwaambia wale wanawake, "Mwambieni akae. Atakayetoka ni mimi."

Nikatoka, na shauri likafungwa. Jumamosi ile niliacha kazi. Sikuona uchungu wala aibu. Niliona tu kwamba njia ya kurudi nyumbani ni ndefu.

Wakati wa kuvuna maharage, nilikuta kiti kirefu mlangoni pangu, cha mbao za mkulo, mti wa misitu ya huku, kimepigwa randa vizuri. Aliyekileta hakubisha hodi. Meza ya kuchambulia chai sikuwa nayo tena.

Ndicho hiki ninachokikalia. Ukimaliza kuandika, usikisogeze.