Samadi Haikatai Kitu

Hadi leo nikiona karai la plastiki, mate yananijaa mdomoni nikatamani kutema. Ndani ya karai la namna hiyo nilikuwa nakanda mchanga wa dhahabu na zebaki, inayonasa dhahabu, kwa mikono mitupu, nyuma ya nyumba ya mama, hapa Kinyangiri. Machimboni maji ni ya shida, kwa hiyo mchanga nilikuja nao nyumbani.

Maji machafu yaliyobaki niliyamwaga kwenye lundo la samadi kando ya zizi. Sikuona kosa. Kwetu dawa ya kuogeshea ng'ombe ikibaki, humwagwa humo. Kuku akifa kibudu, hufukiwa humo humo. Samadi haikatai kitu, tunasema, kikioza kimekwisha. Na kama zebaki haiozi, basi mvua mbili tatu zitaisomba. Ujinga wangu, na uvivu juu yake.

Mwaka huo huo nikaoa. Kwetu mama mkwe humwanzishia mkwe bustani kwa samadi ya zizi lake mwenyewe. Mama aliibeba kichwani hadi nyumbani kwangu, safari baada ya safari, nyeusi na laini, nami nikimtazama. Mchicha ulistawi mpaka majirani wakaomba mbegu. Mke wangu aliposhika mimba, kila chakula alikitapika isipokuwa mchicha ule.

Mimba ilikuwa na miezi saba bwana shamba alipoitisha mkutano kuhusu sumu ya zebaki. Alisema mvua haiisombi kirahisi kama tunavyodhani. Kwenye mboji, yaani majani na mavi yaliyooza, kuna salfa, na zebaki ikiishika salfa hiyo haibanduki. Mchanga mtupu huweza kuiachia. Udongo mweusi huing'ang'ania miaka na miaka. Nilimuuliza kuhusu mboga. Akasema bila kupima hawezi kujua kiasi kinachopanda kwenye majani, ila mjamzito asile mboga hizo.

Niliinuka kwenye benchi kabla mkutano haujaisha. Nilijinukia mwenyewe.

Nilimkuta mama zizini, mikono imezama kwenye samadi hadi viwiko, anamchotea mkwewe karai lingine. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamweleza yote, tangu mchanga hadi mkutano.

Aliitoa mikono kwenye samadi, akauliza, "Ulikuwa unaniona nikiibeba?"

"Nilikuwa nakuona, mama."

"Kwa hiyo mkwe wangu nimemlisha mimi."

Nikasema hapana, ni mimi. Alikwenda kisimani akanawa kwa sabuni, akanawa tena, na tena, mpaka ngozi ikapauka.

Mchicha niliung'oa wote, na lundo nimelizungushia miiba ng'ombe na kuku wasilifikie. Mtoto bado hajazaliwa. Kila asubuhi mama anakuja, anaweka kiganja kwenye tumbo la mke wangu, anasubiri teke. Mimi hujikuta nimesimama mlangoni, mikono nimeificha nyuma, siwezi kugusa.