Mgonjwa Aonekane Kwanza

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alishona umri wake wote kwenye baraza moja mbele ya duka la vitambaa, katika safu ya mafundi waliokaa bega kwa bega. Yeye alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Mimi nilikaa nyuma yake na pasi ya mkaa. Alichoshona yeye, nilikinyoosha mimi. Watu walituita Sindano na Moto, nasi tukicheka wenyewe, maana nyumbani moto alikuwa yeye.

Alisoma kidogo. Mimi sikusoma kabisa. Herufi hizi alinifundisha yeye, kwa chaki ya kuchoria nguo, juu ya vipande vilivyobaki mezani. Watoto wetu wanamjua mama. Mambo ya barazani hawayajui.

Pale barazani ulikuwapo mfuko wa mchango. Aliushona yeye, kitambaa kizito cha jinzi, mdomo mwembamba, unapita mkono mmoja tu. Fundi akiuguliwa, mfuko unapitishwa kwenye safu. Unaingiza ngumi, unatoa kiganja kitupu. Mwenye kitu anaingiza ngumi, asiye na kitu naye anaingiza ngumi. Nani kaacha nini, hakuna ajuaye. Kwa hiyo hakuna aliyeona haya, na mfuko haukupata kurudi mtupu.

Jirani yetu tulimwita Pindo, kwa ubahili wake wa kitambaa. Suruali akishona yeye, ukikaa chini soksi zote zinaonekana. Mfuko ukimfikia alikuwa anasema, "Kutoa ni moyo. Tatizo moyo wangu uko mfukoni, na mfuko umetoboka." Halafu anaingiza ngumi.

Siku moja akaja mtu tusiyemjua, kavaa vizuri, ana kovu kidevuni na karatasi ya hospitali mkononi, analia. Mama yake yuko hospitali, hali mbaya, dawa ni za kununua. Mke wangu akapitisha mfuko. Tukampa, akatubusu mikono, akaenda.

Haukupita muda akaja mama mmoja mnene, mcheshi, anataka gauni lake lipanuliwe kiunoni. Katika kupimwa akawa anamtaja mwanawe, kazi yake, sura yake, kovu lake la kidevuni. Pindo akaweka mkasi chini.

"Mama, hizo dawa ulizopewa hospitali ni za kunenepesha?"

"Hospitali gani, baba? Mimi mara ya mwisho kulala hospitali ni siku niliyomzaa huyo mjinga."

Safu nzima ilicheka hadi cherehani zikasimama. Mke wangu hakucheka. Alimpanulia mama wa watu gauni lake, akampa bei ya kawaida, akamsindikiza. Kisha akageuka.

"Kuanzia leo, mtu tusiyemjua, mgonjwa aonekane kwanza. Na waone watu watatu, isije ikasemwa nimekula njama na mtu."

Tukaitikia wote. Mimi pia. Ilikuwa inaingia akilini. Aliyeumwa na nyoka akiona ukamba hushtuka.

Ikakaa sheria hiyo. Wengine walileta wagonjwa wao, tukawaona, tukatoa. Wengine waliambiwa "mlete" na hatukuwaona tena, na Pindo akawa anasema, "Huyo kapona njiani."

Ndipo akaja mchukuzi. Kijana wa mkokoteni, mwili wote vumbi la saruji. Alisimama chini, kwenye mchanga. Hakupanda barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una nguo?"

"Sina nguo. Nina mgonjwa." Akatoa karatasi ya hospitali. "Mwenzangu. Ana uvimbe. Wanataka wamkate, na wanataka tulipie kwanza. Nimesikia habari za mfuko wenu."

Mke wangu aliitazama karatasi, akairudisha. "Karatasi hata yule wa kwanza alikuwa nayo. Mlete tumwone."

Kijana akainamisha kichwa. "Mama, uvimbe upo mahali pabaya. Chini ya ziwa. Anaona haya hata kwangu."

"Nitamwona mimi na wanawake wawili, nyuma ya pazia. Hapana mwanamume."

"Hatakubali."

"Basi mbembeleze. Pesa si zangu, mwanangu. Ni za hawa wote, na hawa wote wana watoto."

Alisema kweli, nami nilimwona ana haki. Hata leo sijui angesema nini kingine. Pesa ya mwenzio huigawi kwa kuhurumia macho ya mtu. Lakini kijana alipoondoka niliona anasukuma mkokoteni mtupu kama umejaa.

Siku zikapita. Pindo akasema, "Na huyu kapona njiani." Mke wangu akashona tu.

Wakaja mchana mmoja, jua limeshavuka. Alikuwa amembeba kwenye mkokoteni, kamtandikia magunia. Binti mdogo tu, kajifunika mtandio hadi puani. Alishuka mwenyewe. Hakutusalimu, na sisi hatukumlaumu.

Pazia letu lilikuwa pembe ya mwisho ya baraza, palipo wazi kwa nyuma. Wateja walijaribia nguo pale, na wateja wa kujaribu huja asubuhi, jua likiwa upande wa mbele. Mambo hayo hatukuwa tunayafikiria. Nani afikirie jua? Pazia lilikuwa kitambaa cha marekani, cheupe, chembamba. Wakaingia wanawake watatu na yule binti.

Jua la alasiri lilikuwa nyuma yao.

Kitambaa chote kikawa picha. Tulimwona anavua mtandio. Tulimwona anainua mkono, na uvimbe wenyewe tukauona, umening'inia kama embe. Cherehani zikanyamaza moja baada ya moja. Mafundi wanaume wakainamia sindano zao. Lakini barabarani watu walisimama. Mwuza maji alisimama. Mtu mmoja akasema, "Aisee, tazameni."

Mimi nilikuwa na shuka mkononi, nalinyoosha. Shuka zima, la vitanda viwili. Ningesimama nikalitandaza mbele ya pazia. Nilisimama, ndiyo, lakini walikuwa wameshaanza kutoka.

Binti aliona nyuso zetu. Akageuka akaona pazia, akaona jua. Mtu hahitaji kuelezwa.

Mke wangu hakujua bado. Yeye alikuwa ameona alichoona, macho yamejaa machozi, akachukua mfuko akaupitisha. Haukuwahi kujaa vile. Hata watu wa barabarani walipanda wakaingiza ngumi. Mwuza maji aliingiza. Yule aliyesema tazameni naye akaingiza. Mdomo wa mfuko ukawa haufungiki.

Akampa binti mfuko mikononi. "Chukua, mwanangu. Nenda ukatibiwe."

Binti akaupima kwa mikono. "Hizi zimejaa kwa sababu ya kivuli changu."

Mke wangu akatazama pazia. Akaelewa hapo hapo. Nilimwona anashika meza.

"Mama, nitazichukua," binti akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila hakuna asiyeisikia. "Nataka kuishi, sina ujanja. Lakini wewe usije kunitazama tena. Hospitali usije. Nyumbani usije. Umeshanitazama, inatosha."

"Nimesikia, mwanangu. Nisamehe."

Binti alikuwa ameshageuka. Mchukuzi akampandisha kwenye magunia. Alitusalimu yeye, kwa kichwa, akiwa na aibu ya watu wawili.

Jioni ile mke wangu alilitundua pazia akalichana matambara. Akashona jingine, la turubai, zito mno hadi wateja wakalalamika kwamba ndani wanapikwa.

Na sheria akaifuta. Mtu akija analia, anapewa mfuko. Haulizwi jina la ugonjwa. Tulidanganywa tena, na tena. Pindo akapandwa na hasira.

"Fundi, utatuuza sote! Yule wa jana mguu aliokuwa anachechemea asubuhi si ule wa mchana!"

"Niliona."

"Uliona ukampa?"

"Wewe uliingiza ngumi yenye kitu?"

"Si kazi yako kujua!"

"Basi na mimi ndivyo ninavyowafanyia wao."

"Hapana, bibi. Mwongo mmoja anakula haki ya mgonjwa wa kweli wa kesho. Hilo umelifikiria?"

"Nalifikiria kila siku. Lakini mwongo akiniibia, hasara yangu ni pesa. Yule binti nilimwibia nini?"

Pindo akarudi kwenye cherehani yake. Lakini alikuwa na haki na yeye. Mafundi wawili wakajitoa kwenye mfuko kwa sababu ya udanganyifu huo, na mwaka ambao mtoto wa mmoja wao aliugua, kulikuwa na maneno. Mke wangu aliwapitishia mfuko vile vile. Uliporudi ulikuwa mwepesi. Alijua ni kwa sababu yake.

Kuhusu yule binti, hatukupata habari. Alitibiwa au hakutibiwa, alipona au tulimzika bila kujua, hatukujua. Mke wangu alishika neno lile kama amana. Mchukuzi alikuwa akipita na mkokoteni wake, saruji, magunia, mbao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kazi?"

"Tunasukuma."

Basi. Akipita, mke wangu alimfuata kwa macho. Alitazama shati lake. Kama kola imegeuzwa, kama kiraka kimeshonwa, angejua nyumbani kuna mkono wa mke. Mara shati limeshonwa, mara limechanika mgongoni mwezi mzima, na yeye mwezi huo alikuwa hapati usingizi.

Nilimwambia, "Muulize. Maneno matatu tu."

"Kuuliza nako ni kutazama. Alisema nisimtazame."

"Basi niulize mimi."

"Wewe ukiuliza, masikio ni yangu." Akanishika mkono. "Mume wangu, nimenyimwa. Niache ninyimwe."

Nikamwacha. Mtu umeishi naye umri wote, unajua mahali pa kusukuma na mahali pa kuacha. Nilidhani najua.

Kila aliposikia mtu kalazwa, alimshonea shuka, alilinyoosha mwenyewe, hakuniachia mimi, akampelekea. Kwenda kutazama wagonjwa aliendelea, hakuacha. Lakini alikuwa anasimama mlangoni kwanza, anauliza, "Niingie?" Wagonjwa walimcheka. "Ingia, mama, wewe ni mgeni wa nani?" Hakuingia hadi aambiwe.

Alikufa barazani. Asubuhi, anapitisha uzi kwenye sindano, akaniambia, "Hebu nishikie hii," nikaishika, akaegemea ukuta. Nilidhani anapumzika.

Tulimzika. Watu walikuja wengi, siwezi kusema wote nawajua. Pindo alilia kuliko watoto wangu, na kila akijifuta machozi anasema, "Mkaidi yule, mkaidi yule." Viti havikutosha. Tukaona mchukuzi anakuja na mkokoteni umejaa viti, hakuagizwa na mtu. Alivishusha kimoja kimoja. Nywele zake zimeingia mvi na yeye.

Alipomaliza akanijia, akaniinamia. Nikamshika bega. Ahadi ilikuwa ya mke wangu, haikuwa yangu, na mwenyewe hayupo. Nikauliza.

"Mwenzako je?"

Akanitazama kama hakuamini. "Yupo, baba."

"Yupo wapi?"

"Yupo nje pale, ukutani. Anasema hana ruhusa ya kuingia."

Nilitoka. Alisimama kando ya ukuta, mtandio kichwani, mama mtu mzima, mzima kabisa. Nisingemjua. Yeye alinijua.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa, mwanangu. Karibu ndani."

"Nilimkataza asije kwangu. Nitaingiaje kwake?"

Nikasogea karibu naye. Akaanza yeye, huku anatazama chini.

"Nilisema kwa hasira, baba. Maumivu, na aibu, na wale watu wa barabarani. Nilipotoka hospitali nikawa namngoja. Mlango ukigongwa, nasema ni yeye. Nikasema mama yule anavyoonekana mkaidi, atakuja tu anibishie, nami nitamkaribisha."

"Alikuwa mkaidi kwa kila mtu. Kwako hakuwa."

"Ningekwenda mimi. Nilitoka mara nyingi. Lakini pale barazani, baba, nikifika kwenye kona miguu inakataa." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nikamwambia mume wangu apite pale kila siku, amsalimie. Nikadhani ataniulizia. Kila jioni namwuliza, kaniulizia leo? Hajauliza. Nikasema basi, kanisahau, wagonjwa wake ni wengi."

"Hakukusahau."

"Naona sasa."

Alikuwa anakaa nyuma ya ghala la saruji. Ukitoka barazani kwetu unavuka barabara, unapita ghala, umefika. Mke wangu alikwenda mbali zaidi ya hapo kununua vifungo.

Nilimshika mkono nikamwingiza. Alikaa na wanawake hadi jioni, akasaidia kuosha vyombo, hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Mume wake akapakia viti, wakaondoka pamoja, yeye anashika ubavu wa mkokoteni.

Nilirudi chumbani. Amepona, nikasema kwa sauti, kama ninavyosema siku zote nikiwa na habari ya kumpa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa na watu wengine, vibaya. Nikakaa juu yake na habari yangu.