Ubao Utakaofaa Siku Moja

Watu wengine huingia nyumba kwa mlango wa mbele. Desley Krause huanza chini. Huvaa ovaroli, hufunga kitambaa kichwani, huwasha tochi, kisha hutambaa mavumbini kati ya nguzo zinazoinua nyumba za mbao za huko, kama mtu aliyepotelewa na pete. Mji mzima wa Maryborough umemzoea: ukiona miguu miwili imechomoza chini ya nyumba inayouzwa, usiwasumbue polisi, ni Desley anakagua.

Leseni ya ukaguzi wa nyumba aliipata ukubwani. Somo lenyewe alilipata bafuni. Miaka thelathini iliyopita yeye na mumewe Noel walinunua nyumba kwa kupendezwa na baraza yake. Mwezi wa tatu beseni la kuogea likazama sakafuni, Noel yumo ndani, sabuni mkononi. Mchwa walikuwa wamekula mbao zote wakabakiza rangi. Noel hakuumia popote ila kwenye heshima. Alipokuwa anapiga kelele aletewe taulo, mkewe alikuwa amepiga magoti kando ya lile shimo, anachungulia, anajiuliza: hawa wameingilia wapi?

Hajaacha kujiuliza mpaka leo. Na ndilo swali lililomkwamisha Alhamisi moja nyumbani kwa Cec Lutton.

Cec ana miaka themanini na minne, na alikuwa anauza nyumba ili akakae kwa bintiye. Mnunuzi alikuwa Teneille Pask, muuguzi, mama wa mapacha, aliyehamishwa nyumba tatu za kupanga ndani ya miaka minne na kuapa kwamba ya nne itakuwa yake. Mkataba ulimruhusu kujitoa hadi kesho yake saa kumi na moja jioni. Ikipita saa hiyo, nyumba ni yake, na chochote kilichomo ukutani ni chake pia.

Chini ya nyumba Desley alihesabu nguzo arobaini na mbili. Kila moja ilikuwa na kofia yake ya bati, ile sahani inayokaa kati ya nguzo na boriti ili mchwa akitaka kupanda alazimike kuizunguka na kujenga njia yake ya udongo hadharani. Alimulika kofia moja moja. Zote safi.

"Umekufa huko?" Cec aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Bado. Nikifa utajua kwa harufu."

"Mwanamke mzima, unatambaa kama kenge."

"Kenge hana goti bovu, Cec. Mimi ninalo."

Alipanda ndani akaanza kugonga kuta kwa mpini wa bisibisi, kichwa amekiinamisha. Mbao ngumu za zamani hujibu *ko, ko*, na nyumba nzima ilijibu hivyo mpaka chumba cha nyuma, alichokuwa akishonea Una, marehemu mke wa Cec. Pale chini ya dirisha ukuta ulijibu *pu*. Akagonga tena. *Pu*. Kipima unyevu hakikuonyesha kitu, rangi haikuwa na ufa. Mkaguzi mwenye haraka angeandika kwamba hakuona dalili, na asingekuwa amesema uongo. Desley aliketi sakafuni akautazama ule ukuta kama mtu aliyetegewa kitendawili.

Cec alileta chai na skonzi za boga. Alipoona bisibisi imesimama mahali pale pale, akakuna shingo, akasema kwamba Una alikuwa akidai ukuta ule unanong'ona. Akishona, anasikia kama mtu anakunja karatasi humo ndani.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni mvua."

"Mwaka gani huo?"

Cec alifikiri kidogo. "Mwaka wa ule ukame mkubwa," akasema, akatazama skonzi yake.

Desley aliacha chai akarudi mavumbini, moja kwa moja chini ya chumba cha kushonea. Hapo palikuwa na rundo la mbao. Mara ya kwanza hakulitilia maanani, maana katika mji ule hakuna nyumba isiyo na rundo kama hilo. Mtu wa huko atagawa nguo zake lakini hatatupa ubao mzuri. Safari hii aliutazama ubao mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake, umesimamishwa, umeegemea, na kichwa chake kimegusa boriti juu ya kofia ya bati. Mgongoni mwake ulipanda mfereji wa udongo, mwembamba kama penseli. Kofia arobaini na mbili zilikuwa zikilinda milango, na mchwa wamewekewa ngazi.

Alimwita Cec amwonyeshe. "Uliuweka wa nini?"

"Umetoka banda la baba. Ningeutupa vipi? Nikasema utafaa siku moja."

"Basi umeshafaa."

Aliuvunja mfereji kwa kucha. Ulikuwa mkavu, hauna hata mchwa mmoja. Lakini mfereji mkavu husema waliondoka njiani, hausemi waliondoka ukutani.

Teneille alifika baada ya zamu, bado na sare. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo kila mnunuzi huuliza na Desley hajawahi kulijibu: "Ungekuwa wewe, ungenunua?"

Desley alimpa bisibisi. "Si mimi nitakayelala humu. Gonga, usikilize."

Muuguzi akagonga nyumba nzima, taratibu, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Aliporudi alisema kwamba ni chini ya dirisha, tena na mwimo wa mlango, upande wa kushoto. Huo mwimo Desley hakuwa ameuandika. Akaenda, akagonga, akatega sikio. *Pu*. Alitabasamu peke yake, akauongeza kwenye karatasi.

Lakini kujua kama humo ndani wapo au wameondoka, hapo hata sikio la muuguzi lilifika mwisho. Ndipo Cec alipotoweka, akarudi na mtaimbo.

"Ukuta ni wangu mpaka kesho jioni," alisema. "Na Una ana haki ya kujua."

Alibandua ubao wa chini ya dirisha, kisha wa mwimo. Ndani palikuwa na vyumba vya udongo vimepangana, vyepesi kama makapi, vikavu, vitupu. Wenyewe walishahama. Cec alikaa akivitazama. Akasema polepole kwamba kumbe Una hakuwa anasikia mvua.

Desley aliwaambia fundi seremala abadilishe mbao hizo, dawa ipigwe chini, na nyumba ikaguliwe kila mwaka. Kesho yake saa nne asubuhi Teneille alimpigia simu wakala wa nyumba: ananunua, Cec akitengeneza ukuta na kuondoa rundo. Cec alikubali yote kabla wakala hajamaliza kusoma.

Siku ya kuhama Desley alipita mtaani kwa gari lake akaliona gari la binti yake Cec, na juu yake umefungwa ubao mrefu.

"Nusu yake bado nzima," Cec alisema kabla hajaulizwa.

Desley akashuka, akamgeukia yule binti. "Akifika, ulaze juu ya matofali, mbali na nyumba. Asiusimamishe popote."