Aliyeleta Habari za Msiba

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani wa utumishi kwenye ghala la chakula cha kambini, Kigoma mjini. Mimi ni mtu wa Tanga, mdomo ninao, na bosi alinipa kazi ya kuwaandikisha wafanyakazi bima ya afya kwa sababu, alisema, wanaume wa ghalani walikuwa wananiogopa. Wananiogopa wapi, na mambo waliyokuwa wananiletea? Dereva mmoja alitaka wake wawili waingie kwenye nafasi ya mke mmoja. Mpakuaji mizigo akamleta mama mkwe wake, eti aandikwe mtoto. Nilicheka, nikagomba, nikawaandika walioandikika.

Mlinzi wa getini hakunichekesha. Alikuwa Muha wa Kalinzi, mtu wa maneno machache, na alikuwa akimlea binti wa miaka kama sita mwenye sikoseli. Nilimwona mtoto yule siku moja alipoishiwa damu, midomo imepauka, analilia miguu na sauti haitoki. Daktari alishasema asikose kliniki hata mara moja. Kwa mshahara wa getini, nani angeweza? Bila kadi ya bima mtoto yule alikuwa anakufa, na sote tulijua.

Tatizo, yeye na mkewe hawakumzaa. Miaka ya nyuma mwanamke mmoja alishuka kwenye boti pale mwaloni, akitoka ng'ambo ya ziwa, akampa mke wa mlinzi kichanga amshikie, akasema anarudi kumfuata mtoto wake mkubwa aliyebaki. Akapanda boti ileile. Basi, hadi leo. Hata jina lake hakuna aliyewahi kuliuliza. Na bima ilimkubali mtoto wa kulea kwa sharti moja, barua ya ofisi ya kata kwamba mama yake mzazi amefariki.

Mke wa mlinzi akakataa. Alikuja ofisini, akaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye," nikaitikia vibaya kama kawaida yangu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Dada, mimi sijaletewa habari ya kifo. Nitasemaje amekufa?"

"Mama, miaka sita!"

"Najua. Lakini nikifua ziwani namsikia ananiita kwa nyuma. Nikigeuka hayupo. Sasa aliyekufa anaita?"

Nikaja juu. Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa, na mtoto alikuwa amelazwa tena. Nikamwambia wafu ndio wanaoita, walio hai wanakuja wenyewe. Akafunga kitenge chake akaondoka.

Alhamisi alirudi amevaa nguo za kanisani. "Twende," akasema.

Mtendaji wa kata alikuwa mzee mpole. Akauliza, kalamu mkononi, "Taarifa ya kifo imeletwa na nani?" Swali la kawaida tu. Mke wa mlinzi akaninyooshea kidevu.

"Huyu dada."

Nikimkana, mtoto amekosa kadi. Nikasema ndiyo, ni mimi. Mzee akanipa pole, akagonga mhuri.

Nilidhani yameisha. Yaishe wapi! Jumapili mlinzi akaja kuniita msibani. Habari ya kifo ikishafika, kwao ni lazima watu wakae. Nikakuta nyumbani kwao, mtaa wa Rusimbi, mikeka imetandikwa, wanaume wanaota moto uani, ndugu wameshuka kutoka Kalinzi na mikungu ya ndizi. Kwa kuwa hakuna aliyejua dini ya marehemu, shehe alisoma dua, kisha mwinjilisti akaimbisha. Mke wa mlinzi alikuwa analia kilio cha kweli, kamasi zinamtoka, sauti imemkauka. Kwa kukosa jina alikuwa akimwita "mwenzangu."

Mimi nikapewa kiti cha heshima. Wanawake wakanizunguka. Aliugua nini? Nani alikuwa naye? Alizikwa vizuri? Nikajibu, Mungu anajua nilijibu. Homa. Majirani. Alizikwa vizuri. Kila nilipojibu mwanamke yule alizidi kuwa mtu, akawa na shingo ndefu, akawa na kanga ya kijani. Kadi ilitoka, mtoto akatibiwa, na hilo silijutii. Lakini nimestaafu, nimerudi Tanga, na bado mwanamke yule ananijia. Nikiwa nachambua mchele mchana kweupe namwona amesimama pembeni na kanga yake. Hasemi kitu. Namwogopa, sitaki kusema uongo.

Siku ile ya msiba mtoto alikuwa ametolewa hospitali asubuhi. Akaja, macho bado ya manjano, akaniamkia, akaegemea goti langu.

"Wewe ndiye uliyemwona mama yule?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Aliniulizia?"

Ningesema nini mimi, jamani?

"Alikuulizia sana."

"Ukamwambia tunakaa wapi?"

"Nikamwambia."

Uso ukamchangamka. Akachukua kigoda jikoni, akakiburuta katikati ya waombolezaji mpaka nje barabarani, akakaa akiitazama njia inayopanda kutoka ziwani. Mke wa mlinzi aliacha kulia. Tulimwita ale, hakuja. Kila mwanamke asiyemjua aliyepita pale, mtoto alisimama, akamwamkia.